Jeki Haishuki Yenyewe

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Maji ya kunawa yamenichoma vidole. Nimemwinua mke wangu Resti kwa kitanda chake cha jeki kabla ya chai, mpaka kwenye alama ya choki ukutani. Akaona barabara, akaona shamba la maharage la jirani, akasema ukungu leo umelala juu ya paa la shule. Nikamgeuza, nikamfuta, nikampaka mafuta mgongoni. Vidonda vya kulalia havijarudi. Ndiyo furaha yangu ya asubuhi, nyingine sina.

Kazini kiwandani nimeanza na jukwaa la kupokelea magunia. Mavuno yameingia, malori ya mahindi yamepanga foleni hadi nje ya geti. Jukwaa linabebwa na jeki nne, moja kila pembe, zote zinazungushwa na mota moja. Lori likiwa refu tunapandisha, likiwa fupi tunashusha. Nimefuta skrubu zote nne. Vumbi la mahindi likikutana na grisi linakuwa uji, uji ukikauka unakuwa msasa. Nawaambia watu futeni kwanza ndipo mpake. Wanapaka juu ya uchafu. Nimesema mpaka nimechoka kujisikia.

Jeki ya pembe ya kaskazini inanitia shaka. Inanguruma.

Jumatano, 4 Juni

Wenzangu wameniuliza tena kama kile kitanda changu bado kinafanya kazi. Kwa nini kisifanye? Jeki yake ilikuwa ya jukwaa la zamani. Walipoleta mpya ikatupwa kwenye chuma chakavu, meneja akaniambia chukua. Niliifungua, nikakuta gia ya shaba ina meno mazima. Nikabadilisha beringi, na sili za kuzuia grisi isivuje. Nikakata kitanda katikati, nikakitia bawaba, jeki nikaifunga chini upande wa kichwani. Ukizungusha hendeli, mgongo unapanda na Resti anakaa. Mtu mmoja anatosha kumhudumia. Habebwi kama gunia.

Jeki za aina hii nimezikuta Ilemba zikiinua lango la mfereji wa mpunga. Nimezikuta kwenye kiwanda cha mbao zikiinua meza ya msumeno. Popote tabia yake ni moja. Hendeli inazungusha skrubu ndogo ya ubavuni, sisi tunaiita mnyoo. Mnyoo unazungusha gia ya shaba, gia inapandisha skrubu kubwa. Mnyoo unaisukuma gia, lakini gia haiwezi kuusukuma mnyoo. Ukiachia mkono mzigo unabaki hapo hapo, hata uende Kasesya, uvuke Zambia, urudi. Haishuki yenyewe. Ndiyo maana naipenda.

Hendeli niliiweka upande wake wa kulia makusudi, ajiinue mwenyewe nikiwa kazini. Siku ya kwanza alijaribu, akasema nzito. Hajaigusa tena. Tangu alipoanguka kutoka juu ya lori la ulezi, akirudi kutoka kwao Mwimbi, miguu imekufa, na mabega nayo nadhani yamepoteza nguvu. Sikubishana naye. Asubuhi na jioni namzungushia mimi. Mchana anamzungushia dada yangu Yulita, ambaye amekuja kukaa naye.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji Oswadi kapiga simu. Ni kaka yake Resti, mtu wa maneno laini. Ameanza na habari za mavuno, akapita kwenye baridi, akafika alikokuwa anakwenda.

"Shemeji, umehangaika vya kutosha. Mama anamtaka binti yake. Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini."

Nikamwambia zizi lake ni hapa. Akasema sawa shemeji, hatugombani.

Hatugombani, lakini nimemwaga chai nikiweka simu. Wakimchukua hatarudi. Mke mgonjwa akirudi kwao amerudi. Na mimi nitakuwa mwanamume aliyerudisha mke kama sufuria lililotoboka. Hayo ya watu nayaweza. Nisiloliweza ni nyumba. Mungu hakutupa mtoto. Tulikuwa wawili miaka yote, tukizeeka kwa kuchekana. Sitaki kubaki peke yangu. Nimeandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe kaja kutoka Mwimbi. Kwetu mama wa mke haingii chumba anacholala mkwewe, hata mwanawe awe anakata roho. Nilimtuma Yulita amwambie nitatoka nikalale kwa jirani, yeye aingie amhudumie mwanawe. Akakataa. Chumba ni cha mkwe hata mkwe asipokuwemo. Nikasema basi kitanda nikihamishie sebuleni. Yulita akanicheka waziwazi: "Kasto, sebuleni ukimlaza mkeo, si pamekuwa chumba chako?"

Basi nikampandisha Resti, nikafungua dirisha. Mama akasimama nje kwenye upepo, mikono kwenye nondo za dirisha. Wakaongea Kifipa chao. Si adabu mimi kukaa karibu, nikaenda nyuma ya nyumba kunoa panga ambalo halikuwa butu. Nilisikia sauti tu, maneno sikuyasikia. Mara wakacheka. Sijamsikia Resti akicheka vile tangu ajali. Nilipochungulia nikaona mama amepitisha mkono kati ya nondo. Ulifika shavuni. Zaidi ya hapo haukufika.

Alipoondoka Resti alilia hadi chai ikapoa. Nikamuuliza. Akasema kitu kimemwingia jichoni.

Hata hivyo najivuna. Bila jeki yangu mama angeongea na ukuta.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Misa ndefu, kwaya mbili zikishindana. Nimerudi nikakuta kitanda kimeshuka. Si chote. Kimeshuka chini ya dirisha, Resti anaangalia dari.

Nilimwacha kwenye alama. Nina hakika. Yulita alikuwa jikoni nje, anasema hakugusa. Resti anasema alisinzia, alipoamka akajikuta chini.

Nimempandisha tena. Nimekula bila hamu.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua ile jeki ya kaskazini kazini. Nilijua. Grisi imejaa unga wa rangi ya dhahabu, ule unaong'aa ukiupangusa kwenye kiganja. Ni shaba hiyo, meno ya gia yanasagika. Mnyoo ni chuma kigumu, gia ni shaba laini, na imefanywa hivyo makusudi, kiishe kile ambacho ni rahisi kubadilisha. Nimemwambia meneja jukwaa lisimame mpaka gia mpya ije. Ameshika kichwa. Malori yote yale! Akaniomba niseme inaweza kumaliza mavuno. Nikakataa. Mashine mbovu sijawahi kuiita nzima, na nzima sijawahi kuisingizia ubovu. Babu zangu walikuwa wayeyusha chuma huku Ufipa, kwenye tanuru za udongo ndefu kuliko mtu. Chuma hakisingiziwi. Magunia sasa yanashushwa kwa mabega, na wabebaji wananitazama kama mimi ndiye niliyekula shaba.

Nyumbani kitanda kimeshuka tena.

Alhamisi, 12 Juni

Nimembana Yulita mpaka akasema. Kitanda kilikuwa kinalia kama kitoto cha mbuzi kila akizungusha hendeli, basi akatia mafuta ya alizeti. Mafuta ya kupikia! Kwenye jeki! Ameona wenzake wakitia kwenye bawaba za mlango, wakitia kwenye cherehani, akaona na jeki ni mlango. Hapa Sumbawanga alizeti ni dawa ya kila kitu. Nimepiga kelele. Mafuta mepesi yanafanya skrubu iteleze kupita kiasi, mtikisiko kidogo tu mzigo unaanza kutambaa. Ndiyo sababu kinashuka. Nimemwita jina ambalo dada haitwi.

Akavaa khanga yake akaenda kwa rafiki yake. Amerudi jioni, hanisemeshi. Resti naye hanisemeshi.

Nimesafisha jeki yote kwa dizeli, nimekausha, nimetia grisi mpya, ile ya kijani tunayotumia kiwandani peke yake. Nimepandisha kwenye alama. Yamekwisha. Kesho nitamwomba Yulita msamaha.

Ijumaa, 13 Juni

Kimeshuka.

Resti kasema, taratibu, akiangalia pembeni: "Labda imechoka, Kasto. Chuma nacho kinazeeka."

Nimekasirika kuliko ilivyostahili. Nimemwambia asinifundishe kazi. Akafumba macho. Nikajichukia, nikaenda kusimama nje kwenye baridi kama mjinga.

Sikumwomba Yulita msamaha.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefungua jeki yote, kila kipande juu ya turubai. Gia ya shaba: meno mazima. Grisi: kijani safi, hakuna unga wa dhahabu hata punje. Beringi inazunguka kimya. Skrubu haijapinda. Nimeishika nikaitikisa juu na chini, haichezi. Nimetafuta ubovu kwa upendo, kama mtu anayetafuta pete. Haupo.

Mashine nzima inayofanya kazi vibaya. Hilo sijawahi kuliona tangu nianze kushika spana.

Nimeogopa. Bila hiki kitanda sina hoja. Siku Oswadi akija atauliza nani anamgeuza, nani anamketisha, nami nitajibu nini?

Jumatatu, 16 Juni

Oswadi tena. Anasema wamesikia kitanda kinashuka. Nani kamwambia? Simu anayo Resti, anayo Yulita. Yulita amekasirika lakini si mchongezi. Wanakuja yeye na mjomba wao mkubwa, si wiki hii, Jumamosi ya wiki ijayo. Wanakuja kuzungumza, anasema. Watu wa Mwimbi hawakodi gari kwa ajili ya kuzungumza.

Kazini gia mpya haijafika. Sijala mchana.

Jumatano, 18 Juni

Nimeomba ruhusa. Nimembeba Resti nikamweka kwenye mkeka juani, ukutani pasipo upepo. Amekuwa mwepesi. Hilo nalo limeniuma.

Kisha nimepakia magunia ya mahindi kitandani, uzito kama wake na zaidi. Nikapandisha kwenye alama. Nikachora mstari wa choki kutoka kwenye hendeli hadi kwenye mwili wa jeki, kama tunavyofanya kiwandani tukitaka kujua kama kitu kimezunguka. Halafu nikamwomba Yulita na jirani yetu Mama Sofia watwange kwa vinu viwili pale pale chumbani, karibu na miguu ya kitanda, ili sakafu itetemeke. Mama Sofia kacheka mpaka kakaa chini. Anasema Kasto sasa anauguza magunia. Yulita kacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu nimtukane, nami nikatumia nafasi hiyo nikamwomba msamaha. Akasema nitwange mimi basi, nikatwanga.

Tumetwanga mpaka ulezi wote ukawa unga. Magunia nimeyaacha hapo hadi jua lilipoanza kushuka.

Hayakushuka hata unene wa ukucha. Mstari wa choki uko vile vile.

Nilipomrudisha Resti ndani hakuuliza matokeo. Mke wa fundi, miaka yote hii, kila nikitengeneza redio ananiuliza imepona? Leo hakuuliza.

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Ijumaa, 20 Juni

Kimeshuka jana, kimeshuka leo. Naona aibu kuandika kwamba sikwenda hata kukagua. Nimempandisha tu. Nimekaa naye tukasikiliza redio. Nimemwambia Jumapili ni sikukuu ya Ekaristi Takatifu, maandamano yatapita barabara yetu, nitamfungulia dirisha. Akasema vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi nilimvalisha kitenge cha bluu, nikampandisha mpaka juu ya alama, nikafungua dirisha lote. Nilitaka aone, na nilitaka aonekane. Nisijidanganye, la pili ndilo kubwa. Nilitaka parokia nzima ione mke wangu amekaa.

Nilikuwa kwenye msafara na wanaume wa jumuiya. Watoto mbele wakimwaga maua, kengele, ubani, mapadre chini ya mwavuli mweupe. Tulipokaribia nyumbani nikainua shingo. Nilikuwa nimejiandaa kupunga mkono.

Dirisha tupu. Pazia tu.

Tukapiga magoti barabarani pale pale, mbele ya nyumba yangu, na mimi nikapiga magoti nikiangalia lile pazia. Sikuomba. Nilikuwa napiga hesabu ya fundi. Jeki nzima. Gia nzima. Yulita yuko nyuma yangu kwenye msafara, namsikia akiimba. Nyumbani hakuna mtu mwingine. Na jeki haishuki yenyewe.

Magunia hayana mikono.

Nimeingia ndani. Alikuwa amelala chini kabisa, amefumba macho, hajalala usingizi. Mkono wa kulia uko juu ya kitenge. Chini ya kucha za vidole viwili, grisi ya kijani. Pindo la kitenge nalo lina doa. Grisi ile haipo popote nyumbani isipokuwa kwenye hendeli.

Nilitoka nikaenda chooni nikafunga mlango. Nimelia kwa hasira. Amenidanganya kwa jeki yangu mwenyewe. Nimemchukia kuanzia chooni hadi jikoni. Nilipofika chumbani chuki ilikuwa imeisha, imebaki huzuni, nayo ni mbaya zaidi.

Sikumpandisha leo. Hakuomba.

Jumanne, 24 Juni

Nafanya kazi kama mtu aliyepigwa rungu. Nimevunja bolti kwa kukaza kupita kiasi, mimi.

Nafikiri. Angesema mwenyewe anataka kwenda kwao, watu wangesema nimemtesa. Ningemrudisha mimi, wangesema nimemtupa. Angekaa, mama yake angebaki kusimama dirishani mpaka mmoja wao afe. Lakini kitanda kikiharibika hakuna mwenye kosa. Mume amejitahidi, chuma kimeshindwa, mgonjwa amerudi kwa mamaye, wote tunabaki na heshima zetu. Amelifikiria hili akiwa amelala chali akiangalia dari. Mwanamke asiye na miguu, ananitafutia mimi njia ya kupita.

Na kila siku aliniacha nitafute ubovu. Aliniona nikitandaza turubai. Hilo sijalisamehe bado.

Alhamisi, 26 Juni

Nimerudi mapema. Yulita alikuwa sokoni. Nikachukua parafini kidogo kwenye kisosi, kitambaa, sabuni, njiti ya kiberiti. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikashika mkono wake wa kulia. Akataka kuuvuta, kisha akauacha.

Nimemsafisha kucha. Moja moja. Grisi ile ni ngumu kutoka, inahitaji parafini kwanza, halafu sabuni, halafu njiti taratibu pembeni pasipokwaruza nyama. Ndugu zake wana macho, na mjomba wao amewahi kuwa dereva wa lori, anaijua grisi akiiona. Kiganja chake chini ya vidole kimeota sugu. Changa, za hendeli. Nzito, alisema. Watoto wa shule wangeizungusha ile.

Nikafika kukausha kidole cha mwisho. Akasema, "Nataka kuogeshwa na mama."

Nikasema nimesikia.

Akasema, "Wewe unaniogesha vizuri, Kasto. Lakini nafumba macho."

Sikujua. Miezi yote hii nilifikiri anafumba kwa sababu ya sabuni.

Nimemwosha na mkono wa kushoto, ingawa ulikuwa safi.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekuja. Oswadi, mjomba, na mama mkwe ambaye alibaki barabarani ndani ya gari. Tumekaa uani. Yulita kawapa uji wa ulezi. Mjomba ni mtu wa heshima, nimempa shikamoo yake, akaitikia, akazungumza mvua, akazungumza mbolea, akazungumza bei ya mahindi, yote aliyopaswa kuyazungumza. Kisha akasema, "Mwanangu, hatujaja kukunyang'anya mke. Ila tumesikia kile kitanda kinashuka. Wewe ndiye fundi. Tuambie wewe."

Dirisha lilikuwa wazi. Nilimpandisha asubuhi, na safari hii alibaki pale pale nilipomwacha. Alikuwa ananitazama. Nilijua nikisema jeki ni nzima, nikaeleza magunia na vinu na choki, wote watanielewa, mjomba zaidi ya wote. Watamgeukia yeye. Atabaki, kwa aibu. Ningekuwa nimeshinda.

Nimesema, "Jeki imechoka, mjomba. Gia yake ya shaba imelika. Siku moja itamwangusha."

Chuma kizima, nimekisingizia mbele ya watu, na mke wangu akisikia.

Oswadi akashusha pumzi. Mjomba akanishika bega akasema umepigana, chuma si mtu. Nilipoangalia dirishani Resti alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Tumembeba na godoro lake, mimi upande wa kichwani. Alinishika shingo njia nzima, na alinishika kwa nguvu. Mabega yale hayana ugonjwa wowote. Mama alishuka kwenye gari akampokea, akamshika uso, akamshika kichwa, akamshika mgongo, mikono yote miwili, kila mahali, mbele za watu, akiongea Kifipa haraka haraka kama maji. Resti alikuwa anaitika tu, kama mtoto.

Sikutazama gari likiondoka. Nilikuwa nimeshika mto wake, walisahau mto.

Jumatatu, 30 Juni

Gia mpya imefika. Nimefunga, nimepaka grisi, nimepima pembe zote nne ziwe sawa, jukwaa limepanda bila kunguruma. Meneja kashangilia. Mimi sijasikia furaha yoyote.

Habari zimefika kabla yangu. Wanasema fundi Kasto jeki yake ya nyumbani imemshinda, gia ililika na yeye asione, na wakati huo huo anasimamisha jukwaa la watu. Mmoja kauliza kwa utani kama nilikuwa naipaka alizeti. Wamecheka. Nimecheka nao. Yulita, aliyeleta chakula changu cha mchana, hakucheka. Alikuwepo siku ya vinu, anajua. Aliniangalia kwa muda, akanisogezea bakuli la maharage, akaenda zake.

Jumatano, 2 Julai

Nimepanda gari kupeleka mto. Sikufika. Nimeshuka njiani, nimempa kondakta apeleke. Sina la kusema pale uani kwao, nitakaa kama mgeni nikiletewa maji. Nitakwenda. Si leo.

Nyumba imekuwa kubwa. Nakula nimesimama.

Jumapili, 6 Julai

Resti kapiga simu baada ya misa. Sauti yake nzuri. Wanamtoa nje kila asubuhi, wanamlaza chini ya jua na wanawake wakichambua maharage, naye anachambua. Mama anamwogesha. Hakusema kama anafumba macho, nami sikuuliza. Akauliza jukwaa limepona? Nikasema limepona. Kisha akasema asante kwa mto.

Yulita amerudi kwake jana. Asubuhi hii nimefagia chumba. Nimefuta skrubu kwa kitambaa kikavu, nimepaka grisi mpya, kidogo, juu ya chuma safi. Nimezungusha hendeli. Bila mtu ni nyepesi sana. Nimekipandisha hadi kwenye alama ya choki, nikafungua dirisha, nikaenda kutembea hadi mtoni.

Jioni nimerudi. Kitanda kiko pale pale nilipokiacha.